Nilivyongoja Kuitwa Nyumbani kwa Nora

Kila nikipita kijiweni pale kwetu Mpemba, mkoani Songwe, mnaniita Mwayalandi, mnanivutia benchi, mnaagiza chai, halafu swali ni lile lile: huko kulikuwaje? Mimi hujibu kuzuri, kuna majani mabichi na mvua, kisha nahamishia mazungumzo kwenye mpira. Mmenivumilia vya kutosha. Nimeona niandike, maana kuna mahali katika safari hii nikifika mdomo unakwama, ila kalamu inaweza kupita taratibu. Habari za viza na tiketi naziacha. Zile zilishughulikiwa na Maura, mpwa wake Nora, mimi nikaweka sahihi alipoonyesha.

Kabla ya kutoka

Wengi wenu hamkumkuta Nora. Alikuwa muuguzi kutoka Ayalandi aliyekaa miaka mingi kwenye zahanati ya misheni karibu na Nanyala, akizalisha kina mama. Mama yangu alianza kwake kama mpishi. Haikuchukua muda akawa anabeba taa, halafu anashika miguu ya wazazi, mwishoni wakawa wanatembea wawili milimani kama dada na dada, wakibishana Kinyiha njia nzima. Mimi mwenyewe nilipokelewa na mikono yake, na mama hukumbuka alivyocheka akisema huyu katoka akiwa anatafuta mlango wa pili.

Siku aliyoondoka Nora kurudi kwao, mama alikuwa shambani kwenye kahawa. Alirudi akakuta nyumba imefungwa na ufunguo uko kwa mlinzi. Hakuagwa. Wapo waliosema Nora alishindwa kuvumilia kuaga, kwamba alipita na gari akiwa anajifuta macho. Mama hakutaka kusikia. Kadi za Krismasi zikaja, mama akajibu kila moja vizuri, lakini jambo lile hakuligusa hata mara moja, na sisi nyumbani tulijua kwamba lipo.

Mwaka jana Maura akapiga simu kwamba shangazi yake amezidiwa, masikio hayasikii tena simu, na anataja sana jina la mama. Miguu ya mama haifiki hata Vwawa siku hizi. Akaniita.

"Ezekia," akasema, "hiyo miguu yako haijatulia tangu ulipoiacha shule. Sasa ifanye kazi ya maana."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie sina kinyongo. Umwambie ukiwa unamtazama usoni. Halafu uniletee uso wake ulivyo."

Basi mzigo wangu ulikuwa huo: neno moja la kupeleka na uso mmoja wa kuleta.

Mpemba hadi Dar, juu ya shaba

Mtu mwenye akili angepanda basi. Mimi nilipanda lori la Chanda, Mzambia wa Kitwe niliyefanya naye kazi zamani nikiwa utingo, alikuwa anapeleka shaba bandarini. Alinikuta barabarani na begi na koti nililoazimwa, akacheka mpaka akaegemea usukani.

"Mwebantu, jamani! Unakwenda kupanda ndege na lori la shaba?"

"Ndege haijui nimekuja na nini."

"Itajua, mudala, mzee wangu. Wazungu watakunusa dizeli toka mlangoni."

Kabla ya Makambako springi ikakatika. Tukalala pale, tukashinda pale, tukalala tena, tukisubiri springi nyingine itoke Mbeya. Mngedhani nilihangaika. Wala. Nilijua kibanda cha mama mmoja anayepika wali na maharage ya nazi huku bara, nikataka kujua nazi anaitoa wapi. Nikajua mwanawe anafuga nyuki. Nikaenda kuona mizinga. Chanda alinikuta huko, mikono yote grisi.

"Wewe una mgonjwa wa kumwona," akaniambia, safari hii bila kucheka.

"Ndege bado."

Na kweli niliwahi ndege, nikiwa na dizeli kwenye mikono ya shati kama alivyosema. Nadhani ingekuwa heri ningeikosa. Ningepewa nyingine, ningeadhibika kidogo, ningeshika adabu. Kuwahi kule kulinifanya niamini, kama nilivyoamini maisha yangu yote, kwamba safari zangu hujipanga zenyewe.

Angani

La angani ni moja tu. Walipoleta chakula kwenye visahani, nilimgeukia mama wa Kizungu aliyekaa kando yangu nikamwambia karibu, kama unavyomwambia mtu yeyote anayekukuta unakula. Akanishukuru sana, akachukua mkate wangu na keki. Chakula chake kilikuwa bado hakijafika. Kilipofika hakunirudishia kitu. Nilikaa na njaa hadi chini, nikijiambia hawa watu ukiwaambia neno wanalichukua kama lilivyo. Nililiona kama kichekesho. Nilipaswa kuliweka mfukoni.

Dublin hadi Galway

Kutoka Dublin nilipanda basi linaloikata nchi kutoka upande mmoja wa bahari hadi mwingine, na kwa muda mfupi tu, mtu wa Songwe anashangaa hiyo ni nchi au wilaya. Nje ni kijani, ng'ombe wanono, kondoo waliopakwa rangi mgongoni, nyekundu na buluu. Kando yangu alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, mfugaji, akitoka kumwona daktari wa macho.

Nikamuuliza kondoo wale wanapakwa rangi kwa sherehe gani.

"Sherehe?" Akageuka kunitazama vizuri. "Ni alama, kijana, ili nisiibe wa jirani. Ninyi wa kwenu mnawajuaje?"

"Tunawajua sura."

Akafurahi hadi akamwambia aliye mbele. Tukaongea viazi, maana wao na sisi wa Mbozi tunavilima, tukaongea mvua, ambayo aliitukana kama mtu anavyomtukana shemeji. Kiingereza changu ni kile cha kubishana na madereva wa Zambia pale mpakani, chake ni cha kumeza maneno nusu, lakini tulifika. Aliposhuka alinishika bega.

"Ukipita upande wetu uingie. Usisimame mlangoni. Huku mlango ukiwa wazi unaingia tu."

Nikamwambia asante mzee. Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Galway mjini

Galway ni mji wa jimbo linaloitwa hivyo hivyo, uko mdomoni mwa bahari, na wakati wa kiangazi watu wake wanatoka moja kwa moja kwenye tamasha hili kuingia jingine. Nilifika Jumamosi mchana. Basi la kwenda kijijini kwa Nora, huko magharibi kwenye miamba, lilikuwa la jioni. Maura alikuwa amenieleza: saa kumi na mbili na nusu, usikose, ni la mwisho.

Nikasema nizunguke kidogo.

Mitaa ilikuwa imefungwa magari. Walipita watu juu ya miti mirefu waliyojifunga miguuni, wakapita midoli mikubwa kuliko nyumba, inasukumwa na watu kumi, inageuza kichwa na kuwatazama watoto. Kila kona mtu anapiga fidla au zumari la bati. Kwenye kona moja kijana alipiga ngoma bapa kama ungo, anaigonga kwa kijiti kifupi chenye vichwa viwili. Nilisimama pale. Alipopumzika nikamuuliza ngozi ya nini.

"Mbuzi."

"Dume au jike?"

Hakujua. Nikaipapasa nikamwambia jike, na aliyeichuna alikuwa na haraka. Akanipa nipige. Nikapiga kikwetu, watu wakasogea, mwanamke mmoja akaanza kucheza na mvulana wake mabegani. Wakanipa chaza wabichi kwenye gamba na limau. Nilimeza mmoja kwa heshima, wa pili kwa ukaidi. Nikala mkate wa magadi na siagi. Nilikuwa na furaha, jamani, siwafichi. Simu nilikuwa nimeizima, laini yetu haikushika kule, nikaona nisipoteze chaji. Na saa ya nini? Nilikuwa natazama jua, kama nilivyotazama tangu utotoni, na jua lilikuwa bado juu ya paa za nyumba, pale linapokuwa kwetu saa kumi alasiri, mtu akianza kufikiria kutoka shamba.

Nikafika stendi natembea polepole, nimeshika kipande cha mkate. Pamefungwa. Saa ya ukutani ilisema saa tatu kasoro. Nikadhani ni mbovu. Mwanamke aliyekuwa anafagia akanithibitishia kwamba ni nzima.

"Usiku?" nikamuuliza, nikimwonyesha jua.

"Ndiyo, mpenzi. Kiangazi hapa hivyo. Linachelewa kulala kama watoto."

Kwetu jua huzama saa zile zile mwaka mzima, haliwezi kumdanganya mtu. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna mahali linadanganya.

Yule mwanamke akaniazima simu yake nikampigia Maura. Hakukasirika. Akasema kesho Jumapili basi hakuna, angekuja kunichukua ila hawezi kumwacha mgonjwa, nije Jumatatu asubuhi. "Usijali," akasema. "Leo amekula yai zima. Ameniuliza mara mbili kama basi limeshapita."

Kwa hiyo Jumapili nilibaki mjini, na nitasema yote: nilicheka Jumapili ile toka asubuhi hadi jioni. Nilimrudia kijana wa ngoma. Niliona mashindano ya mitumbwi na nikabishana na wavuvi. Maura hakuwa na namba ya kunipata. Nora alikuwa amefariki usiku wa Jumamosi.

Kwa Nora

Basi la Jumatatu linafuata bahari. Nchi ile ya magharibi ni miamba na maji, ukuta wa mawe juu ya ukuta wa mawe bila hata chembe ya saruji, na udongo mweusi walioukata kama matofali wakaupanga ukauke, kwa sababu wanauchoma kama kuni. Ningekuwa na mengi ya kusema kuhusu udongo ule. Dereva alinishusha kwenye njia panda, akanionyesha nyumba nyeupe iliyo peke yake. Nikaona magari yamejipanga kando ya barabara toka nyumbani hadi karibu na nilipokuwa.

Hakuna aliyehitaji kunitafsiria. Magari mengi, mlango wazi, wanaume wamesimama nje wamevaa makoti meusi wakivuta sigara, wanawake wanaingia na sinia. Msiba ni msiba. Nilitembea nikafika.

Maura alitoka jikoni, mwanamke mnene mwenye macho mekundu, akanikumbatia bila kuuliza mimi ni nani. Nani mwingine ningekuwa? "Alienda kwa amani," akasema. "Yuko ndani. Ingia umwone." Palepale mtu akamwita kuhusu vikombe, akaondoka.

Sasa hapa naomba mnisikilize kama watu wa kwetu, maana wao waliniona mtu wa ajabu. Ninyi mngefanyaje? Mwanaume, mgeni, unafika kwenye msiba usio wa ukoo wako. Unajitosa chumbani kwa marehemu, katikati ya dada zake na shangazi zake? Unakaa nje na wanaume. Unapewa chai, unakunywa. Ukiambiwa ingia, huo ni ukarimu wa mfiwa, unashukuru na unabaki ulipo, mpaka wakati wa kuaga utangazwe: ndugu wapite, majirani wapite, mwisho wageni. Kama wewe ni mtu wa kuheshimiwa, atakuja mzee wa msiba akushike mkono. Na hilo hufanyika mwisho, kanisani au palepale kaburini, jeneza likiwa wazi. Nimezika watu wengi. Sijaona vingine.

Kwa hiyo nikakaa juu ya ukuta wa mawe pamoja na wanaume. Kando yangu alikuwa jirani mmoja, Colm, mfuga kondoo, mrefu, mwenye mikono kama majembe. Akanipa chai yenye maziwa mengi na mkate uliokunjiwa nyama. Akaja msichana na sinia, nikala tena. Ndani watu walikuwa wanaongea kwa sauti, wengine wanacheka kwa nguvu, mmoja alipiga fidla wimbo wa taratibu.

"Wewe ndiye wa Afrika," akasema Colm. "Nora alikuwa akitutukana kwa lugha yenu tukiacha lango wazi."

"Alisemaje?"

Akajaribu. Kilikuwa Kinyiha kabisa, na hakifai kuandikwa hapa. Nilicheka hadi chai ikanimwagikia.

"Umeshaingia kwake?" akaniuliza.

"Bado. Nasubiri."

"Hakuna haraka."

Baadaye akarudia: "Ingia, bwana. Hakuna atakayekuuma." Wanaume wengine wakatabasamu. Na mimi nikatabasamu, nikakaa vizuri zaidi. Niliona fahari, nawaambia ukweli. Niliona mama angeniona pale angesema huyu nimemlea.

Padri akafika, akaingia. Wakasali rozari, sauti zikipanda na kushuka kama watu wanaotwanga. Wanaume wakavua kofia, nami nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikijiandaa. Niliyapanga maneno ya mama kwa Kinyiha kichwani, maana nilitaka ayasikie hivyo, hata kama masikio yake yalikuwa yameshaondoka. Hatua zikasogea. Nikajua sasa tunaitwa.

Jeneza likatoka likiwa limefungwa.

Nikasema sawa, watafungua kanisani. Wakalibeba mabegani, wanabadilishana kila baada ya mwendo mfupi, na Colm akanivuta nikaingia upande wa kushoto. Nilimbeba Nora hadi karibu na kanisa. Alikuwa mwepesi. Kanisani nikakaa mahali ambapo ningemwona mzee wa msiba akinitafuta. Misa ikaisha, hakuna aliyegusa kifuniko. Nikasema basi ni makaburini. Makaburi yako juu ya kilima, bahari inaonekana pande mbili, upepo unapeperusha maneno ya padri. Wakashika kamba. Nilimtazama Colm, nikamtazama Maura, na jeneza likashuka.

Watu walipoanza kutelemka kwenda kunywa supu nikamfuata Maura.

"Tunamuaga wapi?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Nora. Uso wake."

Alisimama. "Ezekia, alikuwa sebuleni tangu jana. Wazi. Kwetu jeneza linafungwa nyumbani, halifunguliwi tena." Kisha akanielewa, akaweka mkono mdomoni. "Hukuingia? Ulikuwa hapo nje muda wote ule na hukuingia?"

"Nilikuwa nangoja kuitwa."

"Lakini nilikuambia uingie!"

"Ndiyo," nikamwambia. "Uliniambia."

Sebule yenyewe niliiona baadaye. Kutoka kwenye dirisha lake hadi kwenye ukuta nilipokaa ni karibu, mtu angeweza kunirushia chungwa. Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kaburini peke yangu nikajaribu kuyasema maneno ya mama. Niliyasema nusu. Yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya uso, na pale palikuwa na udongo.

Kurudi

Njia ya kurudi sina la kusimulia. Nilipita Galway mchana, mtaani wanapiga, sikushuka kwenye basi hadi lilipoondoka. Toka Dar nilipanda basi la kawaida, nikakaa dirishani nikalala.

Nyumbani nilikuta wameshajaa. Maura alikuwa ametoa habari, na majirani walikuwa wamekuja kwa mama kama inavyofanyika kwetu mtu wa mbali akifa: anasubiriwa aliyeshuhudia, anakaa katikati, anaeleza marehemu alivyolala, alivyovishwa, uso ulivyokuwa, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Kabla ya hapo watu wanakaa kimya tu. Kina mama walikuwa mikekani, wamejifunga khanga viunoni. Mama alikuwa ukutani, miguu ameinyoosha.

Shangazi yangu akaanza. "Haya, baba. Tuambie. Alikuwa amelalaje?"

"Sikumwona," nikasema.

"Jeneza lilifungwa?"

"Lilikuwa wazi. Mimi sikuingia."

Nikawaeleza. Wanaume walioko mlangoni walitikisa vichwa, na mmoja akasema hata yeye angekaa nje, ni haki. Hilo halikunisaidia. Nilikuwa namtazama mama. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akainua mkono.

"Inukeni," akawaambia wanawake. "Nendeni nyumbani mkapike. Hakuna aliyemwona."

"Lakini wifi, amezikwa," akasema shangazi.

"Wamesema amezikwa. Mtoto wangu kaona sanduku."

Wakaondoka mmoja mmoja, bila kulia, na hadi leo nyumbani kwetu Nora hajaliliwa. Mimi nilingoja nigombezwe. Ningegombezwa ningepona haraka. Badala yake mama ana namna yake: alasiri akiwa anachambua maharage ananiita, nakaa, ananiambia nimsimulie safari. Naanza na Chanda na springi. Anacheka pale kwenye mkate wa angani. Namwambia ngoma, kondoo, udongo unaowaka, namwambia tusi la Colm, anajifuta machozi kwa kucheka na kunisahihisha matamshi. Nafika kwenye nyumba nyeupe. Namwambia mlango ulikuwa wazi, nikapewa chai, nikakaa ukutani, na Nora yuko ndani.

"Hapo hapo," anasema. "Pumzika hapo."

Kisha anarudi kwenye maharage yake, na mimi nanyamaza. Yaliyobaki nimewaandikia ninyi.